Weldon Hakuwa Amelewa

Nimechoka kusimulia habari hii, lakini wacha niseme tena.

Mwaka wa 1994 tulikuwa tunachuma chai asubuhi kama watu wote. Mume wangu Weldon alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku alikuwa anadungwa sindano, kisha anashika kikapu.

Siku moja alienda sokoni kununua mpini wa jembe. Askari wakavamia wanywaji wa pombe ya busaa, wakamzoa naye. Wakamfungia katika seli ya kambi yao.

Nilipeleka dawa yake mara mbili. Walinzi wawili walikuwa wanacheza drafti.

"Rudi kesho, mama," mmoja akasema. "Huyu amelewa chakari. Hata kusimama hawezi."

"Hanywi pombe! Ni mgonjwa!"

"Wote husema hivyo."

Siku ya tatu wakatuita tuchukue maiti. Kwa karatasi waliandika kilichomuua: pombe.

"Shemeji, tumzike," akasema Kipruto, kaka yake mkubwa. "Maji yakimwagika hayazoleki. Na mwili wa ndugu yangu haupasuliwi."

Jirani yetu Rebeccah, nesi wa zahanati, akaniita kando. "Mama Nelvine, ukizika leo umezika ushahidi. Mtu akifia seli, sheria inataka daktari apasue mwili aupime, na hakimu achunguze kifo. Ni haki yako. Mtu wa sukari akikosa dawa huyumba na kuropoka, na pumzi yake hunuka. Wengi hudhani ni pombe."

Nilimwambia Kipruto, "Watoto wangu hawataitwa watoto wa mlevi." Alininunia mwaka mzima.

Daktari hakupata pombe hata tone. Lakini kesi, ole wangu! Miaka miwili naenda mahakamani Kericho, naambiwa rudi mwezi ujao.

Mwishowe hakimu akamuuliza mlinzi, "Alisema nini humo ndani?"

"Aliitisha maji. Aliita sana."

"Mkafanya nini?"

Hakimu akaandika kwamba Weldon aliuawa na sukari na uzembe, akaamuru walinzi wote wawili washtakiwe. Kambi nayo ikaagizwa: mfungwa akiugua, apelekwe hospitali mara moja, na dawa yake isizuiwe.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati. Askari mgeni akaingia amemshikilia mfungwa anayeyumba.

"Amelewa?" Rebeccah akauliza.

"Sijui, sista. Ndiyo maana nimemleta."

Nikaketi chini pale pale, nikalia.