Sibonyezi!

Mimi ni Maryanne Adero. Niko na saluni hapa Noonkopir, Kitengela. Asubuhi nabandika maji ya kuosha nywele, nafagia, nafungua mlango. Nasuka watu mpaka jioni. Mume wangu, Opiyo, ni dereva wa lori la mabati. Tuna binti mmoja, Ajwang.

Pia niko na kifafa. Nakunywa dawa kila siku, na tangu nianze kuzinywa vizuri sijaanguka. Wateja wangu hawajui. Wengine wakijua, wataogopa hata kukalia kiti changu. Huo ni ujinga wao, lakini ugali wa nyumba hii unatoka kwa hicho kiti. Ugonjwa ni wangu. Nani aambiwe, nitaamua mimi.

Dawa naagiza kwa simu. Kliniki yetu ina tawi hapa Kitengela, lingine Isinya na lingine Loitokitok. Wagonjwa wote tunatumia tovuti moja. Unafungua, unaandika namba yako ya siri, unaona rekodi zako, unaagiza dawa.

Asubuhi moja nilifungua tovuti hiyo nikaona maandishi mekundu: "Onyo! Tovuti hii si salama." Chini yake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Endelea tu."

Nikamwonyesha Opiyo.

"Bonyeza tu, Mama Ajwang," akasema, mdomo umejaa chapati. "Hata mimi ilinifanyia hivyo jana nikikuangalizia dawa. Ukifunga ufungue tena, inakubali."

"Na nikibonyeza, ni nani atasoma mambo yangu?"

"Aii! Nani ako na hiyo nafasi?"

"Sibonyezi."

"Na dawa zikiisha?"

"Zisiishe! Na bado sibonyezi!"

Jirani yetu, Ruth Meitamei, ni fundi wa kompyuta katika shamba moja la maua huko Isinya. Siku hiyo hakuwa kazini. Nilimpata akianika nguo, nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Ruth!"

"Epa! Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikampa simu. Akasoma.

"Umefanya vizuri kutobonyeza," akasema. "Sasa niambie. Mtu akigonga geti yako aseme ametoka kampuni ya stima, unafanya nini?"

"Namwitisha kitambulisho cha kazi."

"Na kama kimepitwa na wakati?"

"Abaki huko nje!"

"Basi. Tovuti pia ina kitambulisho. Kinaitwa cheti cha usalama. Simu yako hukiangalia kwanza, ndio ijue kwamba hii ni kliniki kweli, si mtu anayejifanya kliniki. Halafu maneno yako yanafungwa, ili mtu aliye katikati asiyasome. Cheti kikiisha muda, simu haiwezi tena kukuhakikishia unaongea na nani."

"Kwa hivyo kuna mwizi?"

"Pengine hakuna. Pengine wamesahau tu kukibadilisha. Lakini wewe utajuaje? Na ukizoea kubonyeza, siku mwizi akija kweli utambonyezea pia."

"Na mbona wakati mwingine inakubali?"

Ruth akacheka. "Hapo sasa! Tovuti kama hiyo haiendeshwi na kompyuta moja. Kuna kadhaa zinazogawana kazi. Zinaitwa seva. Nafikiri waliweka cheti kipya kwa seva moja, wakaacha zingine na cha zamani. Ukipelekwa kwa ile yenye kipya, unaingia. Ukipelekwa kwa zingine, unapata onyo."

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende."

Kliniki ilikuwa imejaa. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi: UKIONA ONYO, BONYEZA "ENDELEA TU". Damu ikanichemka. Nikaomba kuonana na meneja, Bwana Oyoo.

"Mama, hilo jambo lilishughulikiwa wiki jana," akasema kwa upole. "Cheti kipya tumeweka. Shida iko kwa simu yako." Akatoa simu yake, akafungua tovuti. "Si unaona? Safi kabisa."

Nikageukia watu waliokaa kwenye benchi.

"Wenzangu, fungueni tovuti ya kliniki kwa simu zenu. Mkiona onyo, msibonyeze kitu. Inueni mkono tu."

Mama mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. Mwanamume aliyevaa gambuti akainua. Akafuata mwingine, na mwingine. Mikono ilikuwa mingi kuliko simu zilizofungua vizuri.

"Bwana Oyoo, hawa wote simu zao ni mbovu?"

"Mama, usitishe wagonjwa wangu. Kama hutaki kubonyeza, utangoja."

"Nitangoja. Na hii karatasi yako naitoa."

Nikaibandua. Nesi aliniita haraka dirishani akanipa dawa zangu, nadhani ili niende nyumbani. Sikuenda. Nilirudi nikakaa kwenye benchi.

"Hata mimi sibonyezi," akasema yule mama mwenye mtoto.

"Wala mimi!" akasema mwenye gambuti.

Bwana Oyoo alituangalia. Kisha akampigia simu Felix, fundi wao wa kompyuta.

Felix alikuja mbio. Ruth akamuuliza, "Ulibadilisha cheti kwa seva ngapi?"

"Moja. Nikajaribu kwa simu yangu, ikafungua. Nikajua kazi imeisha."

"Ziko ngapi?"

"Tatu."

Hakuna aliyemcheka. Walikaa pamoja kwa meza. Felix alipumzisha seva moja, zile zingine zikaendelea kuhudumia watu. Akaiwekea cheti kipya, akaiwasha upya, akaikagua yenyewe peke yake. Ilipokuwa sawa, aliirudisha kazini na kwenda kwa inayofuata. Hata ile aliyoibadilisha wiki jana aliikagua tena.

"Na cheti kijacho," Ruth akamwambia, "badilisheni kabla hakijaisha. Watu wawili wajue tarehe, sio wewe peke yako."

Nikasimama tena. "Wenzangu, jaribuni sasa!"

Tukafungua. Tukafunga, tukafungua tena. Hakuna mkono ulioinuka. Bwana Oyoo mwenyewe alichukua kalamu akaandika karatasi mpya: UKIONA ONYO, USIBONYEZE. TUAMBIE.

Miezi ilipita. Jioni moja Opiyo alirudi kutoka Kajiado. Alivua viatu, akakaa.

"Leo nilikula katika hoteli moja," akasema. "Bando za intaneti zilikuwa zimeisha. Nikaona Wi-Fi ya bure yenye jina la hiyo hoteli, nikaingia nikuagizie dawa. Onyo likatokea."

"Eh!"

"Nikazima hiyo Wi-Fi, nikanunua bando. Tovuti ikafungua bila onyo. Nikaenda kumwambia mwenye hoteli kwamba Wi-Fi yake ina shida."

"Akasema nini?"

"Akasema hoteli yake haina Wi-Fi."

Kitana nilichokuwa nikimchania Ajwang kikaniponyoka. Kumbe mtu alikuwa ameweka yake hapo karibu, akae katikati asome mambo ya watu.

"Opiyo, na ulikuwa umebonyeza?"

Akainua kichwa, akaniangalia kwa hasira kabisa.

"Mimi? Mama Ajwang, mimi sibonyezi!"