Neno Lililokatazwa Kazini

Foleni ya batagor, vile vitafunio vya samaki vya kukaanga, pale stesheni ya Bandung siku ya Jumamosi haina adabu, na ndiyo iliyomsukuma Rengganis mgongoni kwa mwanamume mrefu aliyekuwa akichekea simu yake.

"Sikia hii, Neng," mwanamume akasema, kama Wasunda wamwitavyo binti, bila hata kugeuka vizuri. "Nimeacha gemu ya kufuga bata wiki moja tu, wananiandikia: 'Bata wako wamegoma kula mpaka wakuone.' Anayeandika haya nikimpata, namuoa."

"Basi anza kutafuta mahari," Rengganis akajibu, akiuweka sawa ushungi wake wa manjano. "Ni mimi."

Hakuwa anatania. Kazi yake katika kampuni ya gemu hiyo ilikuwa kuwarudisha wachezaji waliotoroka. Mtu asipoonekana siku saba, jina lake linaingia kwenye orodha, na Rengganis anamtumia maneno ya kumvuta.

"Si uwaambie tu 'rudi'?" akauliza yule mwanamume, aliyejitaja kuwa Dadan, fundi wa mabehewa, mchuzi wa karanga ukimchuruzika kidevuni.

"Bosi amelikataza hilo neno. Anasema mteja akijua unamhitaji, anaringa."

"Kama wewe."

"Futa kidevu, Kang Dadan," akamjibu, akimpa heshima ya kaka.

Wakapendana, tena sana. Mwezi wa nane Dadan akahamishiwa karakana ya Surabaya, mwendo wa kutwa nzima kwa treni, na Rengganis akabaki na upweke usiosemeka. Kila jioni alimwandikia. Jioni moja akaandika: "Chai yako nimeifunika isipoe." Na kweli alikuwa ameifunika. Mama yake aliitazama ile glasi, akaisogeza mbali na ukingo wa meza.

Siku mbili baadaye, kule Surabaya, wakati wa chakula cha mchana, Wagiman, fundi mwenzake Dadan, akacheka peke yake.

"Nimeacha gemu ya bata siku saba, ona wanavyonibembeleza: 'Chai yako nimeifunika isipoe.'"

Dadan akasukuma sahani, akapiga simu Bandung.

"Neng, mimi ni mteja namba ngapi?"

Rengganis alielewa papo hapo. "Bosi alitaka sentensi kabla ya adhuhuri. Kichwani sikuwa na kitu ila wewe."

"Ukawagawia watu chai yangu."

"Kang, nisikilize..."

"Sijui tena lipi langu na lipi la wateja." Akakata, na tangu hapo hakupokea, wala gemu hakuifungua.

Sentensi ya chai ilifanya kazi ajabu. Wachezaji walirudi kwa maelfu, wakaipa kampuni nyota tano, bosi akaleta keki. Rengganis alikwenda kulilia msalani. Alimtaka mtu mmoja tu arudi, na kila alichoanza kumwandikia kilinuka kazi, akakifuta.

Siku ya saba orodha ikafika mezani kwake, na jina la Dadan limo. Angebonyeza mara moja tu, bata wangemwita. Alilitazama jina lile asubuhi nzima. Kisha akaliondoa.

Huko Surabaya, Dadan alikuwa akiusubiri ujumbe huo ili autukane. Siku ya saba haukuja. Ya nane, alishika simu mara nyingi kuliko spana. Ya tisa, adhuhuri, akapiga.

"Kwani bata wangu wamekufa?"

"Wapo."

"Mbona hawaniiti?"

"Nimekutoa kwenye orodha."

"Kwa hiyo umeniacha niende."

"Orodha ni ya wateja. Wewe si mteja, Kang." Mwanamke aliyekuwa na maneno ya kuwavuta maelfu alitafuta la mtu mmoja, na lililokuja lilikuwa fupi. "Rudi."

Nyundo za karakana zilisikika kwenye simu, kisha zikafifia. Dadan alikuwa ametoka nje.

"Hilo si limekatazwa?"

"Kazini."

"Liseme tena."

"Rudi. Nimechoka bila wewe."

"Jumamosi napanda treni ya asubuhi," akasema polepole. "Mwambie mama mahari nilianza kuitafuta tangu siku ya ile foleni."

Rengganis akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Chai niifunike?"

"Usiifunike. Nikifika ndipo umimine."