Siku Fundi Alipouzima Mtambo

Walikutana kwenye foleni ya ukaguzi uwanja wa ndege, abiria wamesongamana kama siafu. Mlinzi alikuwa amemwaga mezani bisibisi na nyaya zote za fundi mmoja wa kike. Rubani aliyesimama nyuma yake, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akauliza kwa upole kama dada anahama nyumba.

"Nawazuia watu kama wewe wasijikwae mawinguni," akajibu bila kugeuka.

Na kweli. Alitunza mtambo ulio kando ya njia ya kutulia ndege, unaotuma mawimbi ya kumwonyesha rubani kimo anaposhuka: mshale ukikaa katikati yu salama, ukihama yuko juu mno au chini mno. Tangu siku ile, kila alipotua rubani alimpigia simu kabla ya kuvua kofia, amwambie mteremko ulikuwa laini, mpenzi, kama amebebwa mgongoni. Fundi alicheka peke yake kibandani, ovaroli imejaa vumbi, akimshukuru Mungu. Mama yake rubani alishaanza kumwita mkwe.

Kisha mama akaugua. Siku alipozidiwa mwanawe alikuwa safarini, akirudi mbiombio amuwahi. Mawingu yalilalia mapaa. Fundi alipopima mtambo akakuta mawimbi yamepinda kidogo: mshale ungekaa katikati ilhali ndege iko chini mno. Alijua fika ni nani anayekuja. Akauzima.

Bila mtambo ule, rubani haruhusiwi kushuka sana asipoiona ardhi. Fundi aliisikia ndege ikikaribia, ikanguruma juu ya kichwa chake, ikapaa tena kwenda kutua mji mwingine. Rubani alipofika kwa gari, mama alikwisha kufunikwa shuka.

Alimpigia fundi simu mara moja tu. Akamuuliza alishindwa nini kungoja kidogo kabla ya kuuzima, akakata.

Mvua zilikuja zikapita ndipo rubani alipobisha kibandani, amekonda, shati halikupigwa pasi.

"Nilijua tangu siku ile kwamba uliniokoa," akasema. "Ila nilitaka mtu wa kumlaumu, na Mungu nilimwogopa."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Ndege yako ilipopaa, nilitoka hapa mbio mpaka hospitali. Mama akauliza kama umefika. Nikamwambia umetua salama. Akanishika mkono, akafumba macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikata simu."

Rubani akalia kama mtoto, na fundi akamwacha alie. Akaomba msamaha, akajibiwa kwamba alisamehewa zamani. Lakini kila akiisikia sauti ya fundi, rubani alisema, anasikia zile injini zikipaa tena, na mama anabaki chini. Fundi hakumbembeleza. Alimfungulia mlango.

Asubuhi moja ya mawingu mazito, ndege ilitua. Simu ikaita.

"Mteremko umenyooka, fundi."

Akalingoja lile neno "mpenzi" lililokuwa likifuata zamani. Halikuja.

"Asante, kapteni," akasema. Akaifuta simu kwa upindo wa ovaroli, akarudi kupima mawimbi, maana ndege nyingine ilikuwa njiani.