Shosti Wangu Alisoma Gemu Yangu ya Wakubwa Mbele ya Wazee wa Mashairi

“Mitsuyo, haya maneno umeandika wewe au siyo wewe?”

Jamani... chai ilikuwa mdomoni. Sikumeza, sikutema.

Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, ukumbi wa mtaa wetu hapa Osaka. Wazee kumi na mmoja tumekaa kwenye mikeka, kila mtu na shairi lake. Na aliyesimama na karatasi mkononi alikuwa Tsuruko.

Tsuruko! Shosti wangu wa miaka thelathini na moja!

Akaanza kusoma.

“Kila asubuhi saa moja, mjane hupiga simu ya marehemu mumewe. Haipokelewi. Inakuja ile sauti yake aliyorekodi, anasema yuko kazini, acha ujumbe. Naye huacha. Leo nimepata figili nzuri. Tofu ya soya nimenunua mbili, nimesahau tena. Nje kuna baridi, usisahau koti.”



Mwenyekiti wetu, mzee Inokuma, alitoa leso akafuta miwani. “Nzuri sana hii. Imetoka kitabu gani?”

“Siyo kitabu, mwenyekiti,” Tsuruko akajibu. “Ni gemu ya kompyuta. Gemu ya wakubwa. Zile za uchi! Kaandika huyu hapa, mwalimu wenu.”

Akaweka karatasi chini, akachukua mkoba, akaondoka.

Wadau, macho ya wazee wote wa heshima yakanigeukia mimi!

Ngoja niwaambie nilifikaje huko.

Mimi nina miaka sitini na minne. Nilifundisha lugha shule ya kati mpaka nikastaafu. Sijawahi kuolewa, naishi na paka. Mwaka juzi akanipigia simu Tomonori, mwanafunzi wangu wa zamani, mtoro aliyekubuhu. Siku hizi ana miaka thelathini na minane na kampuni ya watu saba, ghorofani juu ya duka la nyaya.

“Mwalimu, maandishi yetu yamejaa makosa ya herufi. Njoo utusahihishie.”

Hakuniambia ni maandishi ya nini, mshenzi yule!

Nilifika ukurasa wa tatu nikampigia kelele.

“Tomonori!”

“Naam, Mwalimu.”

“Huyu mwanamke mwenye nyumba ya wageni, mumewe kafa juzi, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Mgeni kaingia, hata viatu hajavua, tayari wako kitandani. Kwa nini?”

Akajikuna kichwa. “Mwalimu... ni gemu ya wakubwa. Watu wanataka picha.”

“Wakubwa ndio wanaojua kufiwa, wewe! Mtoto gani anaruhusiwa kununua hii?”

“Lakini maneno hayasomwi, Mwalimu. Kuna kitufe cha kuyaruka.”

“Basi lete kalamu. Nitaandika yasiyorukika.”

Alidhani natania. Miezi minne niliandika upya kila kitu! Yule mjane nikampa jina, nikampa hasira, nikampa tabia ya kuongea na sufuria. Mgeni nikampa aibu. Hawakushikana hata vidole mpaka nusu ya gemu. Mchoraji alininunia wiki nzima, eti nimemnyima kazi.

Nikamwambia, “Kijana, wakifika huko, mchezaji atakuwa anawapenda wote wawili. Ndipo picha yako itakuwa na maana.”

Lakini mjane bado alikuwa mkavu. Kuna kitu kilikosekana. Nikaongeza lile la simu... na hapo akapumua.

Gemu ikatoka. Aisee! Barua zikaanza kumiminika. Dereva wa lori wa kule kaskazini aliandika hivi: “Nilinunua kwa ajili ya picha. Nimefika pale pa simu nikaegesha lori nikalia. Picha sizikumbuki hata moja.”

Tomonori aliniletea barua zile ndani ya boksi la keki. Akainama mpaka paji la uso likagusa meza yangu.

“Mwalimu, nilikuwa mjinga.”

“Ulikuwa mtoro. Mjinga ni kitu kingine.”

Nilijisikia kama malkia, sitawaficha. Tsuruko nilimwambia tu kwamba naandika “mambo fulani ya kompyuta.” Alifurahi, akaninunulia hata kalamu ya wino!

Na mtu huyo huyo ndiye aliyenivua nguo mbele ya ukumbi mzima...

Siku ya tatu mwenyekiti akapiga simu, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi. “Mwalimu, tumeona upumzike kidogo na kikundi. Afya kwanza.” Afya! Mimi nakimbia ngazi za stesheni! Jirani aliyekuwa akinigawia machungwa akaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Nikasema hapana. Lazima anijibu. Nikaenda kwake, nikagonga mlango kwa ngumi.

“Fungua! Miaka thelathini na moja, Tsuruko! Nimekukosea nini?”

Akafungua. Macho yamevimba.

“Vua viatu, uingie.”

Ndani alikuwepo mwanawe Kazuto, ana miaka arobaini na moja, bado anaishi na mama yake. Amepiga magoti, anatazama sakafu.

“Mwambie,” Tsuruko akamwamuru.

Kazuto akanigeukia. “Mwalimu... gemu yako niliicheza mimi, na jina lako nikaliona mwishoni. Rafiki kazini aliniambia, nunua hiyo, imeandikwa vizuri mpaka utashangaa. Nikafika pale pa simu. Figili. Tofu mbili. Koti...”

Akafuta macho kwa kiganja.

“Hivyo ndivyo mama yangu anavyoongea. Tunaishi nyumba moja, sikujua kama anampigia baba. Nimelijua kwenye gemu!”

Tsuruko akanikazia macho.

“Wewe hujawahi kuwa na mume, Mitsuyo. Maneno yale uliyatoa wapi?”

...

Wadau, niliwaambia shosti wangu kanivua nguo. Kuna jambo niliwaficha, kwa sababu hata mimi nilikuwa najificha.

Miaka mitatu iliyopita tulikwenda pamoja kuoga kwenye chemchemi ya maji moto. Tukiwa ndani ya maji, Tsuruko alinishika mkono, akaniambia habari ya simu. Akasema, “Usimwambie mtu. Hata Kazuto.” Nikamwapia.

Halafu nikaiandika. Neno kwa neno! Hata zile tofu mbili.

“Nilibadilisha jina,” nikajitetea. “Nilimweka mlimani, kwenye nyumba ya wageni...”

“Ungeandika vibaya nisingejijua,” akanikatiza. “Ningecheka, ningesema Mitsuyo naye na mambo yake. Lakini uliandika vizuri. Mwanangu alinitambua! Unajua nilivyojisikia? Kama niko uchi mimi, siyo hao wa kwenye picha. Ndiyo maana nikasema, ngoja na wewe uonje mbele za watu.”

Nikainama mpaka chini. Machozi yakadondoka kwenye mkeka wake.

“Nitamwambia Tomonori akitoe kile kipande. Leo hii.”

“Usikitoe.”

Nikainua kichwa.

“Rekebisha mwisho. Umeandika kwamba mjane anapata mwanaume, siku hiyo hiyo anafuta namba ya marehemu. Uongo huo! Uliutunga kwa sababu mwisho sikukusimulia. Mimi mtu nimeshampata, kwa taarifa yako, mwaka wa pili huu. Na kila asubuhi bado nampigia baba Kazuto. Moyo wa mtu mzima una vyumba.”

Kazuto akakohoa. Nadhani hata hilo la mtu alikuwa hajaambiwa!

“Rekebisha,” Tsuruko akarudia. “Halafu usinitafute tena.”

Tomonori alinung’unika sana, kazi ya wiki tatu, sauti irekodiwe upya. Lakini toleo jipya lilipotoka, yule dereva wa lori aliandika tena. Alisema mkewe wa kwanza alifariki, ameoa tena, na miaka yote alidhani yeye ni mtu mbaya kwa kumkumbuka wa kwanza. Sasa analala vizuri.

Tsuruko hajanisemesha mpaka leo, mwezi wa nane huu. Nikimkuta sokoni ananiinamia kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimia mwalimu wa mtoto wake. Basi.

Kwa hiyo, nyie mnaoandika, msidharau kazi kwa sababu inauzwa dukani kwa aibu. Anayeisoma ni mtu mzima, ana makaburi yake na mapenzi yake. Mwandikie ukweli. Lakini ukweli ukiwa wa mtu mwingine, mwombe kwanza!

Tsuruko aliniambia nisikitoe kile kipande. Maana yake ningemwomba kabla ya kuandika, angekubali.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko ukumbi mzima.