Mstari wa Saba wa Taa

Siku hiyo nilirudi mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, kufunga waya mmoja tu. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba, saa kumi na moja jioni, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nilimwambia mdogo wangu Chantal aniwekee ugali wa foufou, ningekuwa nimesharudi nyumbani Bagira kabla haujapoa.

Jina langu Joviale. Natengeneza ampli na mabafle, yale maspika makubwa, na katika harusi natega taa zinazocheza na muziki. Kasanduku kanakoongoza taa hizo nimekatengeneza kwa mkono wangu. Kanasikiliza wimbo, kanatenganisha sauti, na kila sauti inawasha mstari wake wa taa. Sauti ikipanda, taa zinang'aa. Ikinyamaza, zinazimika. Ni hivyo tu, hakuna muujiza.

Maman Georgette aliziona taa zangu kwenye harusi moja, akanifuata hadi nyumbani. Alikuwa mjane wa Papa Constantin, aliyekuwa PDG, bosi mkuu, wa shimo la dhahabu kule Kamituga na ambaye alikufa kitandani mwake mwaka uliotangulia. Nyumba yao ilishikilia mteremko juu ya ziwa. Toka getini hadi barazani unashuka ngazi arobaini na mbili.

"Nataka nyumba yote icheze Noeli," aliniambia. "Paa, ngazi, madirisha, yote. Lakini kwa wimbo huu tu."

Akanipa flash. Ndani yake kulikuwa na faili moja iliyotoka kwenye simu ya marehemu. Wanaume walikuwa wakiguna wimbo wa Noeli, midomo imefungwa, bila neno hata moja. Sauti zilisikika mbali, kama kwaya iliyoko ndani ya kanisa wewe ukiwa umebaki nje.

"Banani hawa, maman?"

"Batumishi ba bwana yangu. Baliimba vizuri, eeh?"

Nilifanya kazi siku tisa. Kwenye kompyuta nilitenganisha sauti moja moja, nikapata sita. Chini yake kulikuwa na mdundo mzito, wa polepole, nikadhani ngoma. Nao nikaupa mstari wake, wa saba, unaozunguka mlango mkubwa wa nyumba.

Jioni hiyo mlinzi, Papa Gracien, alinifungulia geti bila kunisalimia. Ni mzee wa Mwenga, mtu wa maneno machache.

"Maliza mbio, binti," alininong'oneza. "Giza isikukute humu."

"Ju ya nini, papa?"

Alitazama kule barazani, Maman Georgette alikokaa kwenye kiti chake, shali mabegani.

"Batu habagunake hivyo kama banafurahi."

Akaenda kujaza mafuta ya jenereta, nami nikashuka.

Waya zote nilikuwa nimezikusanya chini ya baraza. Pale nyumba inapoegemea mlima pana uwazi mdogo, unaingia kwa magoti, na una kamlango ka bati. Nilijipenyeza na kasanduku, kompyuta na torshi ya kichwani. Kamlango nilikaegesha tu ili mvua isinirushie maji. Nilifunga ule waya, nikabonyeza.

Wimbo ukaanza.

Kupitia tundu la ukuta niliona ngazi zikiwaka moja baada ya nyingine, kijani, nyekundu, dhahabu. Paa likajibu, madirisha yakafuata. Juu barabarani watoto wa majirani walipiga kelele za furaha. Nilicheka peke yangu mle ndani, magoti kwenye udongo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ila mstari wa saba ulikuwa unachelewa. Taa za mlangoni ziliwaka... zikafifia... zikawaka. Hazikufuata wimbo.

Nikavaa écouteurs masikioni, nikazima zile sauti sita, nikabaki na mdundo peke yake. Nikaongeza sauti.

Haikuwa ngoma.

Ilikuwa pumzi. Mtu mnene anapumua karibu kabisa na simu aliyoishika.

Nyuma ya pumzi ile nikasikia jiwe likigonga jiwe. Kisha sauti ndogo, toka chini sana:

"PDG... tuko hai. Tuko sita. Hewa inaisha."

Pumzi tu.

Halafu yule mwenye simu akasema taratibu, kama anayeagiza chai:

"Rudisheni mawe."

Ndipo nilipoelewa kwa nini waliguna badala ya kuimba. Walikuwa wakibania pumzi.

Nilitaka kuzivua écouteurs. Umeme ukakatika.

Sikuogopa bado. Umeme kukatika Bukavu ni jambo la kila siku. Kompyuta ilizimika, kasanduku kakazimika, hata torshi ya kichwani ikafa, ingawa betri zake nilizinunua asubuhi. Niligeuka kukasukuma kamlango ka bati.

Mkono wangu uligusa jiwe.

Nikapapasa kulia. Jiwe. Kushoto, jiwe lenye tope, linatiririka maji. Nikapapasa juu yangu, mahali palipokuwa na mbao za baraza, kucha zikakwaruza mwamba. Nilisukuma kwa mabega na kwa miguu yote miwili. Hakuna kilichosogea.

Harufu ya Nguba, ile ya ziwa na majani yaliyolowa, haikuwepo tena. Palinuka tope la ndani kabisa, moshi wa mishumaa na jasho la watu wengi.

"Papa Gracien!" nikapiga kelele. "Papa!"

Sauti yangu haikwenda popote. Ilirudi kunigonga usoni.

Tundu la ukutani tu ndilo lililobaki, dogo kama jicho. Nikachungulia.

Mji mzima ulikuwa giza. Lakini nyumba ya Maman Georgette ilikuwa inawaka. Ngazi, paa, madirisha. Taa zilicheza bila umeme, bila muziki.

Kisha nikausikia muziki.

Haukutoka kwenye mabafle, ulitoka pembeni yangu. Mtu alikuwa anaguna gizani, bega lake likigusa langu. Mwingine nyuma yake. Mwingine miguuni pangu.

Nilifumba mdomo. Kifua kilinibana, kila pumzi fupi kuliko iliyopita. Nilimfikiria Chantal anakaa na sahani mbili, anaangalia saa. Nikasema moyoni, hivi ndivyo mtu anavyokufa, na hakuna atakayejua nilipo.

"Dada," mmoja akanong'ona. "Unatusikia?"

Nikajikunyata kwenye jiwe.

"Dada. Unatusikia?"

"Nabasikia," nikasema. Nilikuwa nalia.

Wimbo ukakatika papo hapo. Walisikiliza. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuwajibu.

"Kwetu baliambiwa tulienda Shabunda," alisema yule wa kwanza. "Balisema tulikimbia. Sema majina yetu, dada. Sema kwa nguvu."

"Siyajue."

Akaniambia jina lake sikioni. Midomo yake ilikuwa baridi, na ilikuwa na changarawe.

"Chris Mubake," nikasema kwa nguvu.

Taa za ngazi zikazimika. Bega lililokuwa limeniegemea likaondoka. Nikapata hewa kidogo.

Wa pili akaja. "Gentil." Paa likazimika. "Anaclet." "Philémon." Kila jina nililolitamka liliondoa uzito mmoja juu yangu, na nje mstari mmoja ukafa. "Kitoga." Wa sita alikuwa na sauti ya kitoto, akanitajia jina lake mara mbili, kwa hofu nisilikosee. "Aimé. Aimé wa Maman Sophie."

"Aimé wa Maman Sophie!"

Giza.

Nilingoja kamlango kafunguke, lakini jiwe lilikuwa palepale. Nikachungulia tena. Mstari wa saba ulikuwa bado unawaka kuzunguka mlango mkubwa. Ukang'aa... ukafifia... ukang'aa.

Na nyuma ya shingo yangu kulikuwa na mtu anapumua. Pumzi nzito, ya polepole.

Huyu hakuguna wala hakuniambia jina. Alisogea tu, karibu, karibu zaidi, hadi unyevu wa pumzi yake ukanilowesha sikio. Alikuwa anangoja.

Jina lake nililijua. Lilifika hadi kwenye ulimi.

Nikalimeza.

"Joviale! Weye binti!"

Mwanga ukanipiga machoni. Papa Gracien alikuwa amepiga magoti mbele ya kamlango, taa mkononi. Alikuwa amekavuta kwa kidole kimoja.

"Nakuita tangu umeme iende," alisema. "Ni saa moja nzima sasa. Nilifungua hapa mara mbili. Hukuwamo."

Alinivuta kwa mikono. Kucha zangu nne zilikuwa zimevunjika, na nguo yangu ilikuwa na tope jeupe. Pale Nguba udongo ni mwekundu.

Maman Georgette alikuwa bado amekaa kitini. Mwanga wa mstari wa saba ulimpiga usoni, ukaondoka, ukampiga.

"Ju ya nini hii moja haizimike?" aliniuliza.

Nilishika waya wa mlangoni, nikaukata kwa koleo. Taa ziliendelea kuwaka. Nikazing'oa taa zenyewe ukutani na kuzitupa chini kwenye vigae. Ziliendelea kuwaka pale chini, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Maman," nikasema, "ile wimbo ulijua ni nini?"

"Ni wimbo ya Noeli."

"Baliniambia majina."

Mkono wake ulitoka kwenye shali, ukashika mbao ya kiti. Hakuuliza akina nani.

Niliacha vifaa vyangu vyote pale, kasanduku na kompyuta. Nilipanda ngazi arobaini na mbili bila kugeuka nyuma. Papa Gracien alinifuata na koti lake begani, akafunga geti kwa nje, ufunguo akautupia ndani. Hakurudi tena.

Januari nilikwenda Kamituga kwa pikipiki, siku mbili kwenye matope. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Maman Consolate, mama yake Chris Mubake, nilimkuta anatwanga mihogo. Alikuwa amemkasirikia mwanawe kwa miaka minne, tangu alipoambiwa kwamba amekwenda Shabunda kuoa na kumsahau. Nilipomweleza hakulia. Aliuweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka na shati la Chris, akalikunja mara nyingi sana, hadi likawa dogo kama mkate.

"Basi hakunisahau," alisema.

Marehemu wote sita walisomewa misa siku moja. Wanaume wa kule wakaenda na sururu kwenye shimo lililofungwa. Walichimba wiki nzima na kuwatoa wote sita, wamekaa, migongo imeegemeana. Maman Sophie alimtambua Aimé kwa mshipi.

Nilifikiri mambo yameisha.

Februari simu yangu ililia, saa kumi na mbili na nusu jioni. Maman Georgette. Alinong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Binti yangu, kuja. Ile taa niliitupa mu ziwa. Imerudi ku mlango. Geti haifunguke. Nikipanda ngazi, ngazi haziishe."

"Ita majirani, maman."

"Naita. Habasikie." Nilisikia pumzi mbili kwenye simu, yake na nyingine. "Weye unajua kusema jina. Sema ya Constantin. Sema tu, atoke."

"Mbona usiseme mwenyewe?"

"Nasema kila siku," alisema. "Kwangu hasikie. Ni miye nilikuwa namushikia torshi, siku ile ku shimo."

Nilikata simu.

Tangu hapo inalia kila jioni, saa ileile. Chantal ananiambia nilitaje hilo jina nimwache mama wa watu apumzike, ni neno moja tu. Padri naye ameniambia hivyohivyo. Labda wanasema kweli, ila jina hilo likitajwa, naye atatoka huru kama wale sita.

Inalia sasa. Nimeiweka mezani, kioo kimetazama chini. Sijaamua.