Chanuo la Bibi Mboje

Kila Jumamosi asubuhi, jua likianza kuipunguza baridi ya mtaa wa Mazwi, Fransiska alikaa kibarazani kumsuka bibi yake. Bibi Mboje alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu", na alimtania kwamba ana mkono mzito kuliko wa mtwanga ulezi.

Lakini mwezi ule utani ulipungua. Chanuo likigusa tu karibu na kipaji cha uso, Bibi alishtuka na kuusukuma mkono wa Fransiska. Mahindi ya kuchoma aliyoyapenda mno alianza kumwachia mjukuu, naye akabaki na uji. Fransiska aliyala kwa furaha, akidhani anapendwa. Bibi alimwomba asimwambie mama yake kwamba kichwa kinamuuma, mama asije akaacha genge lake la mboga bure. Fransiska alinyamaza kwa sababu yake mwenyewe: aliamini ndiye aliyemuumiza kwa kumsuka kwa kukaza.

Jumatatu Bibi aliamka haoni kwa jicho la kushoto. Mama yake Fransiska, Cornelia, aliita bajaji, wakaenda hospitali wote watatu. Njia nzima, na hata mbele ya daktari, Cornelia alinung'unika kwamba ni kimpumu, pombe ya ulezi aliyokunywa Bibi juzi harusini.

Dokta Suma alilimulika jicho, akasema mshipa wa fahamu unaoliunganisha na ubongo umevimba. Akauliza kama kichwa kinauma. Bibi akajibu kwamba ni uzee tu. Hakuzoea kumlalamikia kijana wa umri wa wajukuu zake. Dokta akachukua kipimo cha presha.

Fransiska alilitazama jicho la kulia la Bibi, lile lililobaki. Aliogopa kulaumiwa, lakini aliogopa zaidi jicho lile lisizimike nalo.

"Dokta, mimi ndiye niliyemharibu Bibi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilimsuka kwa kukaza. Kichwa kinamuuma mwezi mzima, hata chanuo hataki. Na mahindi hatafuni tena, jana ndipo aliponiambia taya zinamuuma."

Dokta Suma aliweka kipimo mezani. Alimgusa Bibi pembeni mwa kipaji, na Bibi akakunja uso kwa maumivu.

"Hujamharibu, binti, umemsaidia," alisema. "Pombe yenye sumu kwa kawaida hupiga macho yote mawili. Presha inaweza kuzima jicho moja, lakini haimzuii mtu kutafuna. Nadhani mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Tukichelewa, jicho la pili linaweza kuzimika ndani ya siku chache."

Alimtoa Bibi damu ya kupima, lakini hakungoja majibu. Dawa ilianza saa ileile, na Bibi akalazwa.

Majibu yalipotoka, yalikubaliana na daktari. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia lilinusurika.

Jumamosi moja, wiki chache baadaye, Bibi alimpa Fransiska chanuo kwa mkono wake mwenyewe. Lilipopita kichwani hakushtuka. Cornelia, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, alimwomba mama yake radhi kwa maneno ya kimpumu, kisha akamgeukia binti yake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Bibi yako alificha, mimi nikakisia. Wewe ulisema kweli ukijua inaweza kukuletea lawama. Kweli hiyo ndiyo iliyookoa jicho."

Bibi aliinua hindi la kuchoma, akaling'ata kwa nguvu.

"Suka, mke mwenzangu," alisema. "Ila leo sikuachii hata punje."