Nyumba ya Kengele Haimo Kitabuni

"Nionyeshe ukurasa wangu."

Mwandishi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Haupo."

"Haupo vipi? Makaburi ya treni yapo. Hata yule mzee anayefuga konokono yupo! Mimi na kengele zangu mia tatu tumekosa nini?"

Majirani walimwita Binti Kengele. Marehemu baba yake, fundi umeme, alikusanya kengele za milango kutoka nyumba zilizobomolewa, akazifunga kwenye kuta za sebule, kila moja na kitufe chake, mgeni abonyeze asikie. Mwandishi, ambaye kazi yake ni kuzunguka dunia akitafuta vivutio visivyojulikana vya kuandika kitabuni, alikuja mara moja kikazi, kisha mara tisa bila kazi yoyote. Na binti wa watu akapenda, tena akapenda hasa.

"Kaka alisema tukiingia kitabuni ananiachia nyumba. Tusipoingia anabandua kengele zote, anaweka duka la vipuri. Ulijua!"

"Nilijua."

"Ukanikalia kimya!"

Simu ya binti ikatetemeka. Ujumbe wa kaka mtu: "Nimekisoma kitabu chote. Hammo. Kesho naleta mafundi."

Alimsogezea Mwandishi simu usoni, machozi yakimlengalenga.

"Ofisini kwetu kuna fomu. Huruhusiwi kuandika kivutio cha mtu wako wa karibu. Wanauliza, una uhusiano gani na mwenyewe?"

"Ukajaza nini?"

Mwandishi alizungusha kofia mkononi.

"Nakuuliza wewe! Ukajaza nini?"

"Mchumba."

"Mchumba wa nani? Umenichumbia lini?"

"Bado. Nilipanga kukuuliza jioni ileile niliyojaza fomu. Nikafika hapa, nikabonyeza kengele kama ishirini hivi, ulimi ukawa mzito, nikaaga."

Kicheko kilimpanda binti, hasira ikakirudisha chini.

"Si ungeandika hatujuani!"

"Nilijaribu. Mkono ulikataa. Nikamwomba mhariri atume mtu mwingine. Yule mama wa miwani aliyeshinda hapa Jumanne."

"Aliyelia kwenye ile kengele ya kijani?"

"Huyohuyo. Alikuta kitabu kimeshachapwa, lakini makala yake inatoka kwenye tovuti yetu Ijumaa, ukurasa mzima. Mimi sijaruhusiwa hata kuisoma. Nilitaka iwe tayari kwanza ndipo nikwambie. Nimekosea, nisamehe."

Binti alimpigia kaka yake, akaweka sauti ya juu, akamweleza yote mpaka ile fomu. Kaka mtu akauliza:

"Huyo kijana yupo hapo?"

"Nipo, shemeji... samahani, kaka."

"Ulijaza kwa kalamu au penseli?"

"Kalamu."

"Na mabosi wako wakaiona?"

"Wakaipiga muhuri."

Kaka akashusha pumzi. "Basi mafundi nawaahirisha, nisome kwanza hiyo ya Ijumaa. Lakini ukija kwangu kumposa dada yangu, njoo na mdomo wako. Fomu ziache hukohuko."

Binti alijifuta macho kwa kiganja, akamgeukia Mwandishi.

"Ofisi nzima inajua, kaka anajua. Mimi ndiye sijaulizwa."

Mwandishi akauliza. Safari hii ulimi haukuwa mzito.

"Ndiyo," alisema Binti Kengele, akamshika mkono, "na ninakupenda, mjinga wewe."

Aliyeshangilia kwa kelele ni kaka mtu. Walikuwa wamesahau kukata simu.